Fulana ya "Msikilize Mtoto", fimbo mkononi

Jumamosi iliyopita tumesimama juani tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano tukimsubiri mgeni rasmi. Mimi si hoja, ni mtu mzima na nilikuwa na mwavuli. Mbele yangu walikuwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, wamepangwa mistari, fulana zinawafika magotini, kifuani zimeandikwa "Msikilize Mtoto". Bonanza la afya ya akili ya watoto. Matembezi, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, MC anapasua spika. Na pembeni ya mstari, jamani, mwalimu kavaa fulana ileile, mkononi kashika fimbo. Mtoto akigeuka kuongea na mwenzake, fimbo inamfikia mguuni.

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka.

Mgeni rasmi akaja, akasoma hotuba ndefu juu ya sonona mbele ya watoto wa miaka saba. Akasema Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa theluthi ya matatizo ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 14. Sawa kabisa. Sasa wa kuambiwa hilo ni nani? Huyo mwenye miaka saba? Alifanyie nini?

Hapo ndipo ninapogombana na mabonanza haya. Mtoto anaitwa ahamasishwe kuhusu maumivu anayoyajua kuliko sisi, na sisi tunaomuumiza tumekaa chini ya turubai tunakunywa maji ya chupa.

Tena tusijifanye kwamba mtaa haujawahi kuwa na shughuli ya pamoja kuhusu akili ya mtoto. Tulikuwa nayo: kumwimbia kikojozi. Nikiwa darasa la tatu, jirani yetu alifiwa na baba yake. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani siku nyingi, baada ya msiba akaanza upya. Dawa aliyopewa ni kubebeshwa godoro na kuzungushwa mlango kwa mlango, sisi watoto nyuma yake tunaimba na kupiga makopo. Mimi nilipiga kopo langu kwa bidii zote. Wakubwa walikaa vibarazani wanacheka. Hakuna hata mmoja aliyesema, huyu si juzi tu tumetoka kumzikia baba yake? Leo najua kwamba mtoto aliyekwisha kuacha, akirudia, huenda kuna jambo limemtikisa. Sijawahi kumwomba radhi. Tukikutana tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, basi.

Godoro halizungushwi sana siku hizi, ila mioyo ni ileile. Mtoto akinyamaza ana kiburi, akilia anadeka, akiweweseka usiku ni majini. Ukitaja daktari unaulizwa, "Kwani amekuwa wa Mirembe?" Hospitali nzima ya magonjwa ya akili, kule Dodoma, tumeigeuza tusi.

Shuleni kwa mwanangu mwalimu wa unasihi ndiye huyohuyo wa nidhamu. Hebu niambieni, mtoto atamfungulia moyo asubuhi mtu aliyemchapa jana mchana? Najua, najua, kanuni zinaruhusu viboko, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kwenye daftari. Ile ya Jumamosi sijui iliandikwa daftari gani.

Hizo spika zipelekeni kwenye vikoba, kwa ustadhi wa madrasa, kwa mwalimu wa Sunday school, kijiweni kwa bodaboda wanaowapeleka watoto wetu shule. Watoto waacheni wacheze. Kucheza kwenyewe kunawatosha.

Haya, nikiri moja, kwa shingo upande. Watu walipokuwa wanagombea soda, nilimwona mama mmoja kamvuta nesi pembeni, anamweleza habari za kijana wake asiyetaka kutoka chumbani. Waliongea muda mrefu. Bila makelele yale asingekuja. Na mgongoni mwa fulana kulikuwa na namba 116, ya simu kwa mtoto, ya bure. Itunzeni.

Jana kwenye kikundi chetu cha WhatsApp wameanza kuchangisha fulana za mwakani. Nimeuliza kama mwenye fimbo naye atapewa. Mpaka sasa naona tiki za bluu tu.