Tupime figo za nani kwanza?

Kila Alhamisi ya pili ya mwezi Machi, Siku ya Figo Duniani, mahema husimamishwa katika viwanja vya hospitali na sehemu za wazi za miji yetu, wananchi wakapanga foleni kupimwa presha, sukari na mkojo bila malipo, na jioni mahema yakakunjwa. Wapo wanaotaka upimaji wa aina hii uenezwe hadi vijijini na ufanywe mwaka mzima. Wapo pia wanaouona kuwa ni kutawanya fedha chache tulizonazo.

Hoja ya kundi la kwanza si ya kubezwa. Ugonjwa sugu wa figo hauumi. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake na kreatinini, taka ambayo figo huichuja na ambayo kiwango chake hutumika kuzipima, katika damu yake ikaendelea kusomeka kuwa ya kawaida; siku miguu inapovimba na chakula kinapomchefua, mara nyingi sehemu kubwa ya figo imekwisha kufa. Utafiti uliofanyika Moshi, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 7 ya watu wazima, yaani takriban asilimia 15 mjini na 2 tu vijijini, na katika kila kumi waliokutwa nao ni kama mmoja tu aliyekuwa na habari. Kwa takwimu hizo, kusubiri wagonjwa waje wenyewe ni kuwasubiri wachelewe.

Ugumu unaanzia kwenye neno “sugu”. Ili ugonjwa uitwe hivyo, dalili za figo kuharibika sharti zidumu kwa miezi 3 au zaidi. Kijiti cha kupimia mkojo kinaweza kuonesha protini, mojawapo ya dalili hizo, kwa sababu ya homa, mazoezi mazito, hedhi au maambukizi ya njia ya mkojo, na wiki mbili baadaye kisioneshe chochote. Hema la siku moja, kwa hiyo, hutoa shaka tu. Asiyepimwa tena huondoka ama na hofu isiyo na msingi, ama na ushauri wa kunywa maji mengi, ambao, niseme wazi, si tiba ya ugonjwa huu na kwa mgonjwa ambaye figo zake zimechoka kabisa unaweza kumdhuru. Hata Marekani, yenye maabara kila kona, jopo la kitaifa linaloshauri kuhusu kinga lilisema mwaka 2012 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza kuwapima watu wazima wasio na dalili.

Ndiyo maana naona ni busara zaidi kuanza na walioketi tayari kwenye mabenchi ya kliniki za kisukari na presha. Hao wanajulikana, wana kadi, wana tarehe ya kurudi. Hata hivyo, si ajabu kukutana na mgonjwa aliyehudhuria kliniki kwa miaka mingi, akapimwa presha kila mwezi, bila mkojo wake kupimwa protini hata mara moja. Akigundulika mapema, dawa zipo na si za kifahari: tangu mwaka 1993 imethibitishwa kwamba kaptoprili, dawa ya presha, hupunguza kasi ya figo kuharibika kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari, na ndugu zake, enalaprili na losartani, hupatikana kwa bei nafuu. Zina masharti yake: hazifai kwa mjamzito, na anayezitumia anahitaji kupimwa kreatinini na potasiamu. Kupima bila kuwa na akiba ya dawa na vitendanishi ni kumpa mtu habari mbaya na kumwacha nayo.

Lakini utafiti uleule wa Moshi unaitoboa hoja yangu. Karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na kisukari, wala presha, wala virusi vya UKIMWI. Kliniki hizo zisingewaona kamwe. Kwa hawa, naamini hatua ya haraka zaidi haihitaji kipimo chochote: ni kwenye duka la dawa, ambako diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu zinazoweza kudhuru figo, huuzwa kama peremende kwa mama mwenye maumivu ya mgongo anayezimeza kila siku kwa miezi, na kwenye mitishamba isiyojulikana imechanganywa na nini. Hilo halitawagusa wote, kwa kuwa magonjwa ya vichujio vya figo na urithi pia yana sehemu yao.

Wengine husema kila shilingi inayokwenda kwenye mashine za kusafisha damu imeibwa kwenye kinga. Gharama ni kubwa kweli: saa 4 kwa mkupuo, mara 3 kwa wiki, mikupuo zaidi ya 150 kwa mwaka, kwa maisha yote au hadi apatikane ndugu wa kumchangia figo, upandikizaji ambao Muhimbili iliuanza mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Sikubali kwamba aliyekwisha fika hapo aachwe. Ninachokiona ni kwamba mashine inazinduliwa kwa sherehe, ilhali hakuna kiongozi anayekata utepe wa kopo la vijiti vya mkojo katika zahanati.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, pamoja na mpango uliozinduliwa Januari 2024 wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000, vinaweza kubadili hesabu hii, ila kwa kazi tofauti na ile inayofikiriwa mara nyingi. Mhudumu hahitaji kugeuzwa maabara inayotembea. Anahitaji orodha ya majina, ili amfuate nyumbani yule aliyekutwa na protini mwezi Machi na ambaye hadi Juni hajarudi.