Kwa nini maghala ya supamaketi yanahamia nje ya jiji

Kampuni yenye maduka mengi mjini ikitafuta kiwanja cha ghala, kilomita si hoja ya kwanza. Hoja ni saa za lori. Dereva aliyetoka alfajiri, akashusha mzigo na kurudi mapema, hupata safari ya pili. Akinaswa kwenye foleni, siku imekwisha kwa safari moja, na mzigo uleule sasa unahitaji malori mawili.

Ndiyo sababu barabara za mzunguko na makutano ya barabara kuu huvuta maghala. Katikati ya Uingereza, eneo linalopakana na barabara za M1, M6 na M69 limejaa maghala hadi likaitwa Pembetatu ya Dhahabu. Kutoka hapo lori hufikia sehemu kubwa ya wakazi wa nchi ndani ya saa nne na nusu, na muda huo una maana yake: ukitimia, sheria humtaka dereva apumzike dakika 45.

Wapo wanaosema kinachoamua ni bei ya ardhi. Wana haki kwa kiasi fulani, maana ghala la kisasa hutaka eneo kubwa tambarare, na malori nayo yanataka pa kugeuzia. Lakini kiwanja cha bei nafuu kisicho na njia nzuri ya kuingilia barabara kuu hubaki nyasi.

Udhaifu wa kukaa nje huonekana pale lori linapoingia mjini. London, tangu 1985, huyabana malori ya zaidi ya tani 18 usiku na wikendi ili wakazi walale. Usiku ndio wakati barabara ni nyeupe! Ghala la mbali hupoteza hapo sehemu ya faida yake. Paris imejaribu njia nyingine: mwaka 2018 ilizinduliwa Chapelle International, jengo la mizigo ndani ya jiji lenyewe.

Kwa maoni yangu, bidhaa ndizo ziamue. Sabuni na mchele vinaweza kukaa mbali. Mboga na mkate, vinavyopelekwa kila siku, havivumilii. Tena barabara iliyo wazi leo itajazwa na malori ya maghala yatakayoifuata, ilhali mkataba wa pango ni wa miaka mingi. Ningekuwa mimi, kabla ya kusaini ningepanda lori Jumatatu asubuhi, si Jumapili ile ambayo dalali hupenda kukuonyesha kiwanja.