Kazi Mbili Zangu na Hesabu za Marais

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 25 Juni 2024, nilikuwa namalizia zamu ya usiku katika ghala moja hapa Columbus, Ohio, nikaketi chumba cha mapumziko na kuwatazama kwenye simu vijana wa Kenya wakiingia ndani ya Bunge. Siku mbili baadaye, katika chumba kile kile, wenzangu waliikodolea macho televisheni huku Joe Biden na Donald Trump wakijibizana mjini Atlanta. Biden alijivunia nafasi za kazi zilizobuniwa katika muhula wake, naye Trump akadai kwamba kazi pekee alizobuni mwenzake ni za wahamiaji wasio na vibali na zile zilizorudi zenyewe baada ya korona. Usiku huo huo aliongeza kwamba wahamiaji wanachukua “kazi za Weusi”. Mimi ni mhamiaji na ni Mweusi, na vibali ninavyo, kwa hiyo nilirudi kwenye makasha yangu nikijiuliza kama ni mimi ninayenyang’anya au ni mimi ninayenyang’anywa.

Tangu wiki ile nimekuwa nikifuatilia hesabu hizi kwa makini zaidi ya inavyompasa mtu wa kazi kama yangu. Marekani huwa na desturi ya kutangaza takwimu za ajira mara moja kila mwezi, kwa kawaida siku ya Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za mashariki mwa nchi. Ofisi ya Takwimu za Kazi huzikusanya kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwauliza waajiri wapatao 120,000 ni watu wangapi walikuwa kwenye orodha ya mishahara katika kipindi chenye tarehe 12 ya mwezi. Ya pili ni kuwahoji watu wa kaya zipatazo 60,000 kama walifanya kazi ya malipo, hata ikiwa ni ya saa moja tu katika wiki nzima. Hiyo hesabu ya waajiri ndiyo marais wanayoitangaza majukwaani, na jambo ambalo halisemwi ni kwamba inahesabu kazi, haihesabu watu. Mimi siku za mwisho wa wiki nawahudumia wazee katika kituo cha kuwatunza, kwa sababu mshahara wa ghala unaishia kwenye kodi ya nyumba na fedha ninazotuma Mombasa. Basi rais aliyejisifu mwaka ule alijisifu kwangu mara mbili, ilhali mwenye usingizi ni mmoja.

Ukizipanga takwimu kwa majina ya marais, picha inavutia sana, na ndiyo maana inapendwa. Bill Clinton aliondoka akiwa na ongezeko la kazi zaidi ya milioni 22 katika miaka minane, na George W. Bush aliyemfuata akapata zaidi kidogo tu ya milioni moja katika miaka minane mingine. Trump alimaliza muhula wake wa kwanza kukiwa na kazi pungufu kwa karibu milioni tatu, na Biden akamaliza wake kukiwa na ongezeko la takriban milioni 15. Lakini Aprili 2020 peke yake ilifuta kazi zipatazo milioni 20, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba rais ndiye aliyezifuta kwa mkono wake, kama vile hakuna anayeweza kusema kwamba kila mhudumu wa mkahawa aliyerudi kazini mwaka uliofuata alirudishwa na rais mpya. Bush aliingia madarakani wakati kampuni za intaneti zilizokuwa zimevimba kwa mtaji zinapasuka, akatoka wakati benki zinaanguka. Jimmy Carter, ambaye hatajwi kamwe katika majigambo haya, aliacha ongezeko la takriban kazi milioni 10 katika miaka minne tu, na mwaka 1980 wapiga kura walimwondoa kwa sababu bei za bidhaa zilikuwa zimewachosha. Kwa maoni yangu, kinachopimwa hapa zaidi ni tarehe ambayo mtu alikula kiapo.

Kwetu Kenya, ubishi wenyewe ni wa namna nyingine, kwa kuwa hatulinganishi marais kwa waliyoyafanya bali kwa waliyoyaahidi. Muungano wa NARC uliomwingiza Mwai Kibaki madarakani mwaka 2002 uliahidi nafasi 500,000 kila mwaka. Jubilee ya Uhuru Kenyatta ikaja mwaka 2013 na milioni moja kila mwaka. Takwimu kuu hutoka mara moja kwa mwaka, Shirika la Takwimu, KNBS, linapochapisha taarifa ya uchumi, na iliyotoka mwaka 2025 ilisema kwamba nafasi 782,300 zilipatikana mwaka 2024. Wafuasi wa Rais William Ruto walipoitaja namba hiyo walikuwa wanasema kweli. Walichokiruka ni kwamba nafasi 703,700 kati ya hizo ni za jua kali, yaani za sekta isiyo rasmi, nazo ni tisa katika kila kumi. Humo yumo mama anayekaanga viazi karai, yumo fundi wa viatu, na yumo mpwa wangu mwenye shahada ya biashara anayeendesha bodaboda Changamwe.

Halafu kuna kazi zinazohamishwa zikahesabiwa kana kwamba zimezaliwa, na hapa sisi watu wa Mombasa tuna somo tulilolipia. Reli ya SGR ilipoanza kubeba makontena kuyapeleka Nairobi, serikali ilikuwa na haki ya kuhesabu mafundi wa reli, walinzi wa stesheni na makarani wa bandari kavu. Mwaka 2019, mizigo ilipoagizwa ipitie relini, watu wa Mombasa waliandamana, kwa sababu upande wa pili wa daftari hakuna aliyeuandika: madereva wa malori na matingo wao, mawakala wa forodha, vibarua wa yadi za makontena, na wauza chakula wa Mariakani waliokuwa wakipika sufuria nzima ya wali kwa ajili ya madereva peke yao. Ruto alitangaza siku ya kuapishwa kwake, Septemba 2022, kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Je, kazi zilizorudi ni zake, au ni zile zile za zamani zilizokuwa safarini? Huku Marekani kungetokea mchumi wa chama pinzani kulifumua swali hilo siku hiyo hiyo, na angekuwa na takwimu za kila mwezi, mji kwa mji, za kumsaidia.

Hilo ndilo ninalolionea wivu huku ugenini, wala si ukweli wa wanasiasa wao, ambao sijauona. Namba yao hutoka iwe nzuri au mbaya, na baadaye hurekebishwa hadharani waajiri waliochelewa wanapojibu. Wivu wenyewe umepungua kidogo tangu tarehe 1 Agosti 2025, pale hesabu za Mei na Juni zilipopunguzwa kwa kazi 258,000, na siku hiyo hiyo Trump akamfukuza kazi mkuu wa ofisi hiyo ya takwimu, Erika McEntarfer, akidai bila kuonyesha ushahidi kwamba namba zilikuwa zimechezewa. Wenzangu wa ghalani hawakulizungumza sana. Mimi nililitambua haraka, kama mtu anavyoitambua harufu ya mtaa aliokulia.

Jioni ile nilimpigia mpwa wangu, ambaye kwao ilikuwa imeshapita saa sita usiku na ndiyo kwanza ameingia nyumbani, nikamweleza kwa mzaha kwamba mimi nahesabiwa kazi mbili na yeye anahesabiwa moja. “Hata hiyo moja si yangu, mjomba,” akaniambia. Pikipiki ina mwenyewe, na kila jioni lazima ampelekee shilingi 400, abiria wawe wamepatikana au hawakupatikana.