Mpwa wangu, hiyo hatamu ya fedha iache kabatini

Juzi usiku mpwa wangu aliyeko Oman, ni saisi, yaani mtunza farasi, kwenye banda moja la farasi wa Kiarabu, kanitumia picha tatu za hatamu kwa WhatsApp. "Shikamoo mjomba, mwisho wa mwezi tunampeleka jike letu kwenye ukaguzi wa mbegu, tumvalishe ipi?" Ukaguzi huo ndo ule majaji wanampima farasi kama anafaa kuzalisha. Marahaba, nikamwambia subiri nimalize chai, chai yenyewe ikapoa maana swali lilinikuna, mimi nimesugua migongo ya farasi kulekule miaka minane kabla sijarudi Bagamoyo kuuza spea za baiskeli.

Najua mtasema Bagamoyo na farasi wapi na wapi. Kweli, Stanley, yule mvumbuzi Mzungu, mwaka 1871 alitoka hapahapa na farasi wawili na punda kadhaa, farasi wote wawili wakafa hata safari haijakolea. Lakini vijana wetu wako mabandani Uarabuni saivi, kwahiyo yanatuhusu.

Picha ya kwanza ilikuwa hatamu nzito ya fedha, ile ya kizamani yenye sahani mashavuni na vishada. Nzuri balaa. Tatizo ile ni ya ardha, ile michezo ya farasi na ngamia ambayo UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi 2018, kule farasi anapambwa kama bibi harusi na ndo inavyotakiwa. Kwenye ukaguzi jaji kaja kutazama kichwa, wewe umekifunika na sahani! Farasi wa Kiarabu anapewa alama mafungu matano, umbo la asili yake, kichwa na shingo, kiwiliwili, miguu, na mwendo, kila fungu mwisho 20, sasa hapo kwenye kichwa jaji anataka aone jibbah, ule mwinuko wa paji, na mitbah, pale kichwa kinapokutana na shingo, ukimzibia anakupa alama za alichokiona basi.

Nayasema haya kwa uchungu. Tajiri wangu mmoja aling'ang'ania fedha ya babu yake, nikamvalisha farasi jike mchanga wa miaka miwili, jua la saa nne, chuma kikapata moto, jasho likaingia, akawa anatikisa kichwa kama kaingiwa na nyuki. Kumvua, ngozi juu ya mfupa wa shavu imechubuka ukubwa wa sarafu. Tajiri akanilaumu mimi! Niliipaka vaselini wiki nzima nikiwa sina hata hamu ya kula.

Mtu ataniambia eti mjomba unapinga mila. Hapana bwana. Waholanzi wenye wale farasi weusi wa Friesland, kitabu chao cha kuandikisha mbegu kipo tangu 1879, hatamu yao ya asili kwenye ukaguzi ni nyeupe na mshikaji naye kavaa nyeupe tupu, ukiangalia ina akili, farasi mweusi tii, weupe anaoruhusiwa ni kinyota kidogo tu kwenye paji, ule mkanda mweupe unakichora kichwa hata ukiwa umekaa mbali. Wahispania nao wana tamvua pale kwenye paji, kazi yake kufukuza nzi. Mila zenye kazi hizo. Ile fedha kazi yake ni ardha, ipelekwe ardha.

Kwahiyo nikamchagulia picha ya tatu, ngozi nyembamba rangi ya kahawia, mkufu mdogo chini ya kidevu basi. Nikamwambia mkanda wa pua ukae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, ukipanda unagonga mfupa, ukishuka unabana pumzi, na mkufu ulale bapa usijisokote, halafu amvalishe kila siku kuanzia kesho asije akaishangaa siku yenyewe. Ile ya pili ya plastiki inayong'aa sikuijadili hata.

Asubuhi akajibu. "Mjomba, mwenye farasi kashasema anataka ya fedha."

Nikavuta pumzi. Nikamwandikia basi shona kitambaa laini ndani ya zile sahani, na umvalishe dakika ya mwisho, mkiwa mlangoni.

Kaweka tiki za bluu, kimya mpaka saivi.