Sura ya mwanangu si ya kila mwenye namba yangu

Fundi wa friji alikuwa amepiga magoti jikoni kwangu, bisibisi mkononi, mwanangu akapita na daftari lake. Fundi akamtazama, akatabasamu. "Mama, huyu si ndiye wa kwenye profaili yako ya WhatsApp? Ile sare naijua, shule yao iko njia ya kwa shemeji yangu."

Alikuwa mzee mwema, na friji aliitengeneza vizuri. Lakini moyo ulinipiga paa. Namba yangu nilimpa jana yake tu. Kwa picha moja alishajua sura ya mtoto na shule yake, na sasa nyumba pia anaijua.

Najua kwa nini tunaweka picha za watoto WhatsApp. Huku kwetu ukishajifungua, jina ulilopewa na wazazi linakaa pembeni. Mtaani, kanisani, hata kwenye kikoba unakuwa Mama Fulani. Watu wanakujua kwa mtoto, kwa hiyo ukitafuta picha ya kukutambulisha, kidole kinamwendea yeye. Nilipoweka ile ya siku yake ya kuanza darasa la kwanza, sare inang'aa, nembo ya shule kifuani, nilikuwa natangaza furaha yangu. Furaha ile siijutii.

Kinachonisumbua ni namba. Akaunti ya Instagram unaweza kuifunga usiowajua wasiione, ila namba ya simu tunaigawa kama salamu: bodaboda, muuza mkaa, dalali wa nyumba, kundi la mchango wa harusi lenye watu mia mbili na nusu yao huwajui. Usipogusa mipangilio, kila mwenye namba yako anaiona picha. WhatsApp iliondoa uwezo wa kuhifadhi picha ya wasifu ya mtu mwingine mwaka 2019, lakini simu ya pili inaipiga picha skrini hiyo bila shida yoyote.

Kule Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Niliposoma habari ile nilishangilia. Kisha nikajiuliza: na mimi, mwanangu alinipa idhini lini?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: picha ya wasifu iwe uso wako wewe mtu mzima, uonekane vizuri, anayekuandikia ajue anaongea na nani. Ukitaka kuweka maua au aya ya kitabu kitakatifu, weka, sina neno. Kama ni lazima mtoto awepo, ingia sehemu ya faragha, uchague waione wale tu uliowahifadhi kwenye simu, na isiwe ya sare. Ila kumbuka, fundi naye umemhifadhi.

Yangu sasa ni mimi na kitenge cha kijani, nimesimama mlangoni kwa dada yangu. Ile ya sare niliipeleka studio wakaisafisha, iko ukutani sebuleni.