Askari wetu Kongo: wabaki mpaka lini?

Tarehe 7 Disemba 2017 waasi walishambulia kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, na kuua askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliokuwa katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Baadhi yao walizikwa huku kwetu Zanzibar. Tangu hapo, Kongo ikitajwa barazani, Darajani au Chake Chake, watu hugawika.

Wanaotaka askari wabaki wana hoja nzito. Mwaka 2013 Baraza la Usalama liliunda brigedi ya mashambulizi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiongozwa na Mtanzania, James Mwakibolwa. Kufikia Novemba, waasi wa M23 waliokuwa wakipigwa na brigedi hiyo walikuwa wameshatangaza kuacha uasi. Na anayesema Kongo ni mbali na Pemba asisahau kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyopokea Wakongo tangu 1996. Vita vya jirani hugonga mlango hata usipovifuata.

Lakini M23 walirudi, na Januari 2025 waliuteka mji wa Goma ilhali Umoja wa Mataifa una askari nchini humo tangu 1999. Wenyeji nao wamechoka: Julai 2022 waliandamana Goma na Butembo wakitaka vikosi hivyo viondoke. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamepita miaka ishirini, na jembe lenyewe halionekani limelima nini.

Wazee hupenda kuleta mfano wa Uganda. Katika vita dhidi ya Idi Amin, jeshi letu liliingia Kampala Aprili 1979, likabaki hadi 1981. Tatizo la mfano huu ni kwamba kila upande huuvutia kwake. Mmoja atasema tulipoanza kuondoka tu, vita vya msituni vikaanza. Mwingine atajibu kuwa miaka miwili ya kukaa haikuwapa Waganda amani. Mimi siuoni ukimsaidia yeyote.

Ninachokiona ni tofauti ya kazi. Mwaka 2013 adui alijulikana kwa jina na ushindi ulipimika. Baadaye ikabaki kulinda raia katika eneo kubwa mno, kibali kikiongezwa kila mwaka. Kwa kazi ya namna hiyo, naegemea upande wa warudi.

Ila ulinzi ni jambo la Muungano, halipiti Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Wenye nafasi ya kuhoji ni wabunge wetu Dodoma, bajeti ya ulinzi inapoletwa: askari wamepewa kazi gani, na ikifika wapi itahesabiwa imekwisha?