Kabla ya kompyuta 40, nionyesheni waya wa ethi

"Mwalimu, hii inatekenya."

Binti wa kidato cha pili aliniambia hivyo wiki iliyopita, kidole kikiwa bado juu ya kasha la kompyuta. Nikaligusa kwa mgongo wa mkono. Kweli, ulikuwepo ule mtetemo mwembamba unaotambaa kwenye ngozi. Nikagusa la pili, la tatu, mstari mzima. Yote yanatekenya.

Nilialikwa kuangalia "kwa nini umeme unakatika" kwenye chumba kipya cha kompyuta cha shule moja ya sekondari. Utepe ulikatwa mwezi uliopita. Kompyuta 40 za msaada zimepangwa vizuri, zimefunikwa vitambaa vya kudarizi. Soketi za ukutani ni mbili. Nyingine zote ni ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni, zinapita chini ya miguu ya watoto.

Nimekasirika tangu siku ile, na hasira yangu haiko kwa yule mkuu wa shule. Alipewa mashine, akapewa tarehe ya sherehe, basi. Hakuna aliyemuuliza umeme wake una uwezo gani.

Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake, tuseme inakula wati 150. Zidisha kwa 40, unapata wati 6,000. Gawanya kwa volti 230, ni ampea 26. Plagi moja yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba chini kidogo ya wati 3,000. Kwa hiyo darasa zima likiwasha kwa pamoja, breka, ile swichi inayojizima mzigo ukizidi, inaruka, na ni haki yake kuruka. Pale shuleni waliona breka ndiyo tatizo. Wakaitoa ya ampea 20, wakaweka ya 40. Umeme ukaacha kukatika kwa siku kadhaa, ila sasa waya wa milimita za mraba 2.5 ulio ndani ya ukuta unachemka bila mlinzi. Nilipochomoa plagi ya ekstensheni ya kwanza ilikuwa ya moto, plastiki imegeuka kahawia kuzunguka pini, na ile harufu mnaijua. Nilifungua plagi: mahali pa fyuzi pamefungwa kipande cha waya.

Breka ipo kuulinda waya. Ukiweka breka kubwa kuliko waya, waya wenyewe ndio unakuwa fyuzi, na utakatikia ndani ya ukuta au juu ya dari penye mbao.

Sasa turudi kwenye kutekenya, maana hapa ndipo moyo unaniuma. Mashine zile zilikuja na nyaya za Ulaya, plagi nene ya pini mbili za mviringo. Mnajua tunavyofanya: unachomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi, vifuniko vinafunguka, unasukuma plagi inaingia. Kompyuta inawaka, kila mtu anafurahi. Lakini ethi ya plagi hizo, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, iko ubavuni, kwenye vibati vya pembeni, na soketi zetu hazina cha kuvigusa ubavuni. Ethi haipo kabisa. Ndani ya pawasapulai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kuna vichujio ambavyo kwa kawaida huvujisha umeme kidogo kwenye kasha, ethi ikauchukua kuupeleka ardhini. Ethi isipokuwepo, kasha linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unatekenya tu. Siku pawasapulai moja itakapoharibika na waya wa moto, ule wenye umeme, kugusa bati la kasha, hakuna kitakachoifanya breka iruke. Atakayeshika kasha hilo, amesimama peku kwenye sakafu ya saruji iliyodekiwa asubuhi, ndiye atakayekuwa ethi.

Huyo ni mtoto wa mtu!

Nafasi nayo. Chumba ni mita 7 kwa 9. Ukipanga meza kuzunguka kuta, nyaya zikae ukutani na mwalimu aone skrini zote, ukampa kila mwanafunzi mita moja, unapata nafasi kama 28. Mashine 40 zinaingia kwa kubanana, na mlango ni mmoja. Joto ndilo linasahauliwa kabisa: wati 6,000 zote zinageuka joto, ni kama pasi sita zimewashwa humo ndani, na kila mtu aliyekaa anaongeza kama wati 100 za mwili wake. Juu bati, madirisha yamefungwa kwa kuogopa vumbi na wezi.

Najua mtaniambia laptopu na skrini bapa zinakula umeme kidogo. Ni kweli, nakubali, na mfadhili akinipa uchaguzi nitachukua laptopu 20 niache mashine 40 za zamani. Najua pia watasema kidogo si haba, watoto wa kijijini wameona kompyuta. Nimefundisha watoto wanaochora kibodi kwenye daftari, siwezi kulipuuza hilo. Lakini fedha za nyaya, breka, fimbo ya ethi na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, ziwe ndani ya msaada wenyewe, na kazi hiyo iishe kabla lori halijaondoka bandarini. Na LUKU pia, umeme wa kulipia kabla: mashine 40 kwa saa tano ni uniti 30 kwa siku. Nani analipa? Muulizane mapema, kwa maandishi.

Jumatatu narudi na fundi kupima ethi. Mpaka hapo nimemwomba mkuu azime meni swichi ya chumba kile na ufunguo ukae ofisini kwake. Amekubali. Yule binti aliniuliza watarudi lini kwenye mashine, nikamwambia baada ya fundi.